Jedwali la uamuzi na swali la "dada yangu"

Wafanyabiashara wana chombo ambacho sisi wa isimu tulipaswa kukiazima zamani. Kinaitwa jedwali la uamuzi. Kilianza kutumiwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya General Electric ikiwa miongoni mwa waanzilishi, na leo kimo ndani ya programu za kanuni za biashara, zile zinazotumiwa na benki na kampuni za bima kuamua nani apewe mkopo na nani alipe ada gani. Nia yake ni kwamba kanuni za kazi zisifichwe katika msimbo unaosomwa na mwandishi wa programu peke yake, bali ziwekwe katika jedwali ambalo hata mkuu wa ofisi anaweza kulikagua kwa kalamu mkononi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wakala anayelipa pesa zilizotumwa kwa simu amepewa maagizo mawili: "Mwenye kadi ya mpiga kura alipwe" na "Kiasi kinachopita dola 200 kisilipwe bila idhini ya mkubwa." Kwa sikio, maagizo hayo yanatosha. Sasa yaandike katika jedwali. Safu ya kwanza ni kadi (anayo, hana), ya pili ni kiasi (hadi 200, zaidi ya 200), ya mwisho ni matokeo. Majibu 2 mara majibu 2 yanaleta mistari 4, basi. Ukianza kuijaza, mambo mawili yanajitokeza. Mwenye kadi anayedai dola 300 anaguswa na maagizo yote mawili, nayo yanapingana: huo ni mgongano. Asiye na kadi anayedai dola 50 haguswi na agizo lolote: hilo ni pengo. Mama aliyetumiwa dola 50 na mwanawe aliye Kolwezi, na ambaye kadi yake imepotea, anasimama ndani ya pengo hilo. Atalipwa au hatalipwa kufuatana na moyo wa wakala siku hiyo.

Maagizo ya maneno huficha migongano na mapengo kwa sababu msomaji huyajaza kwa akili yake bila kujua. Jedwali halina akili ya kujaza. Ndiyo faida yake.

Mwaka 2015 shirika la viwango liitwalo OMG lilitoa toleo la kwanza la kiwango cha kuandika majedwali haya, kinachojulikana kwa herufi DMN. Programu nyingi zinakifuata, mojawapo ikiwa Drools, ambayo haiuzwi na inaweza hata kusoma jedwali kutoka faili ya Excel. Kinachonivutia mimi katika DMN ni herufi moja ndogo inayoandikwa kwenye kona ya jedwali. Herufi hiyo inasema la kufanya pale mistari miwili inapolingana na jambo moja. U maana yake ni kwamba mstari mmoja tu unaruhusiwa kulingana. Ikilingana miwili, jedwali lina kosa. F maana yake ni kwamba wa kwanza kutoka juu ndiye mshindi. C maana yake ni kukusanya matokeo yote. Ziko nyingine, lakini hizi tatu zinatosha kwa leo. Kuna pia alama ya kistari katika kisanduku, yenye maana ya "jibu lolote, halina uzito hapa".

Wenzangu wa sarufi mmekwisha kuona ninakoelekea. Herufi hiyo ya kona ni mjadala wetu wa siku zote. Pāṇini aliweka katika sarufi yake ya Kisanskriti kanuni kwamba kanuni mbili zikigongana, inayokuja baadaye ndiyo ifuatwe. Kiparsky, mwaka 1973, alitetea kwamba kanuni mahsusi huitangulia ile ya jumla. Katika vitabu vyetu vya Kiswahili jambo hili huachwa hewani: sura moja inasema nomino za ki- huleta upatanisho wa ki-, sura nyingine inasema viumbe hai hufuata m-/wa-, na mwanafunzi aachwe apatanishe mwenyewe.

Hili ni jedwali dogo la kimilikishi -angu katika Kiswahili sanifu, umoja tu, na kwa ngeli chache:

| Na. | Kiumbe hai? | Ngeli kwa umbo | Jamaa au mtu wa uhusiano? | Matokeo |
|---|---|---|---|---|
| 1 | hapana | 7 | - | changu |
| 2 | hapana | 9 | - | yangu |
| 3 | ndiyo | 9 | ndiyo | yangu |
| 4 | ndiyo | - | - | wangu |

Lipitishe *kitabu*: mstari wa 1, kitabu changu. *Kiboko*: mstari wa 4, kiboko wangu, ingawa umbo lake ni la ngeli ya 7. *Ng'ombe*: hai, si jamaa, kwa hiyo ng'ombe wangu. *Jirani* na *rafiki* ni watu wa uhusiano, wanaangukia mstari wa 3. *Dada* je? Analingana na mstari wa 3 na pia wa 4. Ukiwa umeandika F kwenye kona, wa 3 unashinda na unapata *dada yangu*. Ukiwa umeandika U, programu inakurudishia jedwali lako, na huna budi kupasua mstari wa 4 kuwa miwili: "hai, ngeli ya 9, si jamaa" na "hai, ngeli yoyote isiyo ya 9".

Wengi hupenda F kwa kuwa ni fupi. Mimi nasimama upande wa U, na DMN yenyewe haiipendekezi F. Katika F maana ya mstari haimo ndani ya mstari. Imo katika yale yaliyo juu yake. Mtu akihamisha mstari wa 4 ukawa juu ya wa 3, hakuna neno lililobadilika, lakini *dada yangu* imetoweka. U ni ndefu, ila kila mstari unajisimamia. (*Jicho* na *mti* havimo kabisa humo. Nimeliacha pengo hilo kusudi. Ukivipitisha, jedwali halitoi jibu.)

Kwa wingi hali inakuwa tamu zaidi. Watu husema *marafiki zangu* na husema *marafiki wangu*, mara nyingine mtu yule yule katika mazungumzo yale yale. U italiita kosa. F itachagua moja na kuizika nyingine. C peke yake inakubali kwamba lugha ina majibu mawili. Kuchagua herufi ya kona, basi, ni kutoa dai kuhusu lugha, hata kama aliyeichagua alidhani anapanga faili tu.

Na hapa nafika kwenye jambo linalonigusa. Katika mitaa ya Lubumbashi mara nyingi tunasikia *kitabu yangu*, *mutoto yangu*, *batoto yangu*. Kwenye karatasi ya mtihani hayo yanachorwa mstari mwekundu na kuitwa Kiswahili kibovu, yaani Kiswahili kisicho na kanuni. Liandike hilo pia katika jedwali: kistari, kistari, kistari, *yangu*. Mstari mmoja, hakuna pengo, hakuna mgongano, hata U inaupitisha. Lakini usikimbilie kusema kwamba wasemaji wamepoteza tofauti ya hai na kisicho hai, kwa maana katika kitenzi *batoto banacheza* bado inashika *ba-*. Swali la "kiumbe hai?" limeondoka katika jedwali la kimilikishi na kubaki katika jedwali la kitenzi. Hayo ni mabadiliko ya kanuni, yanayoweza kuonyeshwa kisanduku kwa kisanduku. Mwalimu ana haki ya kudai sanifu katika mtihani wa sanifu. Sababu ya alama nyekundu ingeandikwa hivyo: "umetumia jedwali lingine".

Anayetaka kujaribu hahitaji programu mwanzoni. Achukue karatasi ya miraba, aandike masharti kwanza kabla ya matokeo, azidishe idadi ya majibu ya kila sharti ili ajue mistari inayowezekana (masharti yenye majibu 2, 2 na 3 yanaleta 12), kisha apitishe nomino zinazosumbua: *kijana*, *kiongozi*, *adui*, *mbwa*, *daktari*. *Daktari* itamchelewesha. Je, ni mtu wa uhusiano kama *jirani*, au ni mtu wa kazi tu? Safu ya tatu ya jedwali langu inadai jibu la ndiyo au hapana. Mimi nimeandika hapana, kwa kuwa nasema *daktari wangu*. Lakini sharti lenyewe, "mtu wa uhusiano", linahitaji fasili kali zaidi ya niliyo nayo.