Pima chumba kabla ya kununua lenzi

Katika nyumba nyingi za pwani kamera ya video haikosi kazi. Leo ni nikahi, kesho ni kupamba, na Mfunguo Sita ukiingia ni Maulidi. Ingawa siku hizi watu wengi hupiga kwa simu ya mkononi, zipo familia zilizozitunza kamera zao, na wapo vijana ambao riziki yao ni kushika kamera katika harusi za watu. Malalamiko yao ni yale yale: ndani, watu hawaenei katika picha, nje, jua huharibu kazi.

Dawa ipo, nayo ni vioo vinavyofungwa mbele ya lenzi. Kimoja ni lenzi ya kupanua picha. Vingine ni vichujio vya mwangaza. Tatizo ni kwamba vitu hivi aghalabu huuzwa kwa fungu, vyote katika kimkoba kimoja, na mnunuzi asiyejua hulipia vitu sita akatumia kimoja. Basi yafaa kujua kila kimoja kina kazi gani.

Boriti ndiyo iliyoamua

Nyumba za mawe za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa ziliezekwa kwa boriti za mikoko. Boriti haiwezi kuvuka mbali bila kupinda, kwa hivyo upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, kwa kawaida usiozidi mita 3 hivi. Ndiyo sababu vyumba hivyo ni virefu lakini vyembamba. Mpiga picha akitaka kumtoa bibi harusi pamoja na mamake, shangazi zake na somo yake, hurudi nyuma hatua mbili mgongo ukagonga ukuta. Na lenzi za kamera nyingi za nyumbani zina nguvu ya kuvuta vya mbali, si ya kukusanya vya karibu.

Lenzi ya kupanua huandikwa namba, kama 0.7 au 0.5. Namba ikipungua, upana huzidi. Tuseme mahali uliposimama kamera yako huona mita 2 za ukuta ulio mbele. Ukifunga ya 0.7 utaona karibu mita 2.9, ukifunga ya 0.5 utaona mita 4. Lakini usikimbilie hiyo ya 0.5. Kadiri lenzi inavyopanua, ndivyo mistari iliyonyooka inavyopinda. Zidaka zitabetuka kama pipa, miimo ya mlango itapinda kama upinde, na bibi aliyeketi pembeni atatoka na uso mpana asioujua. Kwa vyumba vyetu, ya 0.7 yatosha.

Dukani uliza mambo mawili. Kwanza, hesi. Mdomo wa lenzi una kipimo chake cha milimita, mara nyingi 30, 37, 43 au 58, nacho kwa kawaida huandikwa hapo hapo mdomoni. Kisipolingana, zipo pete za kuunganishia. Pili, uliza kama lenzi hiyo hukubali kuvuta picha tangu mwanzo hadi mwisho. Nyingine ni safi kwa upana tu. Ukivuta, picha huingia ukungu. Chukua kamera yako uende nayo, uifunge lenzi pale pale, utazame pembe nne za picha. Zikiwa na weusi, hiyo si yako. Zile za bei ya kutupa nyingi hutoa kingo zilizofifia, na wazee walisema rahisi ni ghali.

Jua, chokaa na chumvi

Nje mambo hugeuka. Katika zefe la Maulidi ya Lamu, kanzu ni nyeupe, kuta ni za chokaa, na bahari inang'aa ubavuni. Kamera ikizidiwa na mwangaza hufinya tundu lake mpaka picha ikapoteza ukali, au hufupisha muda wa kila picha hata mwendo wa watu ukawa wa kushtukashtuka. Hapa panataka kichujio cha kijivu, kiitwacho ND. ND4 hupitisha robo ya mwangaza, na ND8 hupitisha thumuni. Kilicho kizuri hakibadilishi rangi. Baadhi ya kamera zina hicho ndani yake tayari, kwa hivyo soma kwanza kitabu chake.

Kichujio cha polaraiza huzungushwa kwa mkono mpaka mng'aro wa maji upungue, na hufaa zaidi jua likiwa ubavuni mwako. Nacho hula mwangaza, basi kivue uingiapo ndani.

Cha UV hakileti ajabu yoyote katika picha ya video, lakini ndicho cha kununua mwanzo, kwa kuwa hupokea chumvi, mchanga na vidole vya watoto badala ya lenzi. Kikikwaruzwa hununuliwa kingine. Ila kivue kabla ya kufunga lenzi ya kupanua, vikipandana huleta weusi pembeni.

Vichujio vya rangi viache. Kamera hujisawazisha rangi yenyewe, ikaifuta ile uliyoilipia. Wala hakuna kichujio kitakachokuondolea uso kuwa mweusi juu ya kanzu nyeupe; hapo ongeza mwangaza kwa kitufe cha kamera.

Upana na stara

Limebaki jambo ambalo muuzaji hatakwambia. Katika kupamba, wanawake huvua mabuibui yao kwa kuamini kwamba wako baina yao, na aliyekaa pembeni hudhani kamera inamtazama bibi harusi peke yake. Kwa lenzi ya kawaida pengine alidhani sawa. Kwa lenzi ya kupanua, yeye naye yumo, na hajui. Mkanda huo utakwenda kwa jamaa wa bwana harusi, huenda ukafika Maskati au Dubai, na siku hizi ukinakiliwa kwenye simu hauna mwisho.

Kwa hivyo mpiga picha wa ukumbi huo awe mwanamke, na kabla hajaanza atangaze kamera inaona wapi. Wasiotaka wakae nyuma yake. Atazame kingo za picha, si katikati tu, kabla ya kubonyeza. Na akishamaliza picha ya jamii kando ya bibi harusi, aifungue ile lenzi na kuiweka mkobani, kwa sababu kazi iliyomleta imekwisha.