Gari la Kutupeleka Rumonge

Tawi letu limekwisha kuchanga fedha za matembezi ya mwaka, na ugomvi uliobaki ni mmoja tu: twende na gari gani? Wako wenzetu waliosema tuombe lori la kazini, kwa kuwa ni la bure na litachukua watu wote pamoja na ngoma. Wako waliotaka Probox, kila jamaa na lake. Vijana wao walitaka pikipiki. Sisi wa kamati tulitumwa kwenda kuitazama njia na magari yenyewe, na haya ndiyo tuliyorudi nayo.

Njia ni ile ya taifa namba 3, itokayo Bujumbura kuelekea kusini kando ya Ziwa Tanganyika. Mpaka Rumonge ni kilomita 75 hivi, na anayeendelea kupita msitu wa Kigwena mpaka Nyanza-Lac atatimiza zaidi ya 120. Wenzetu wa mashamba ya michikichi watatucheka, maana njia tunayoiita ya matembezi wao huipita wakienda kazini. Lakini mtu aliyeshinda mwaka mzima kwenye kelele za mashine ana haki ya kuyaona maji yale, na ng'ambo yake milima ya Kongo asubuhi hewa ikiwa safi. Hapo Mugere, mwanzoni tu mwa safari, liko jiwe la kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliolala huko mwezi wa Novemba 1871. Wao walitoka Ujiji kwa mtumbwi, kwa hiyo shida yetu hawakuwa nayo.

Uzuri wa njia hiyo ndio hatari yake. Ziwa liko upande mmoja, na upande wa pili mlima unashuka mpaka karibu na lami. Mwezi wa Machi 2015 mlima uliporomoka pale Gitaza, ukaua watu na kuifunga njia. Ndiyo maana tumekataa kwenda wakati wa masika, tukachagua kiangazi, kati ya Juni na Agosti. Kutoka Gitaza hadi Rumonge, kilomita 45, ni sehemu iliyoingizwa katika mradi wa barabara uliokubaliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2018. Penye matengenezo pana vumbi na mchepuko, kwa hiyo gari lenye tumbo la chini halifai, hata likiwa jipya.

Sasa lori. Ndugu, tuseme kweli: ni mara ngapi tumelalamika kupakiwa nyuma ya lori kama magunia ya mihogo? Lori la wazi halina kiti wala cha kujishikilia. Watu wakisimama, uzito unakwenda juu, na kwenye kona gari linayumba. Dereva akikanyaga breki ghafula, wa nyuma wanawaangukia wa mbele. Jambo tunalolikataa siku ya kazi hatuwezi kulikubali siku ya sikukuu, tena tukiwa na watoto, eti kwa sababu ni la bure.

Probox ni gari gumu, na mafuta halili sana. Lakini ni la watu watano pamoja na dereva, nasi kwa macho yetu tumeona wakishuka tisa. Kwa watu wetu tungehitaji magari sita, yaani madereva sita wakishindana barabarani. Pikipiki hatukuijadili sana: tangu Machi 2022 zimekatazwa katikati ya mji wa Bujumbura, na mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kusafiri kilomita 75 juu ya pikipiki. Land Cruiser ni nzuri mno, na kodi yake ndiyo inayotuambia kwamba si yetu.

Yakabaki mabasi, Hiace na Coaster, na hapa tuliona jambo ambalo wengi wetu hatukulifikiria. Burundi tunapita upande wa kulia wa barabara, lakini magari mengi yanatoka Japani na usukani wao uko kulia. Dereva wa gari la namna hiyo akitaka kulipita lori haoni mbele mpaka atokeze karibu gari zima. Na mlango wa abiria uko kushoto, maana yake unafunguka kuelekea katikati ya barabara. Fikirini mtoto anayerukia chini kwa furaha ya kuona ziwa! Kwa hiyo tulitafuta mpaka tukapata Coaster yenye usukani wa kushoto, ambayo mlango wake unafunguka pembeni. Ina viti 28. Vile vya kukunja vya katikati tumeviacha wazi, maana vikikaliwa hakuna njia ya kutokea. Kila mtoto amehesabiwa kiti chake, na tairi la akiba tumelishika kwa mikono yetu.

Mwenye gari alitaka abebe akiba ya petroli katika bidoni ndani ya basi, chini ya kiti cha nyuma. Tunamwelewa, kwa kuwa mwaka 2024 na 2025 magari yalipanga foleni kwa siku nyingi kwenye vituo vya mafuta. Lakini bidoni la petroli kati ya abiria ni moto unaongoja kiberiti. Tulipiga hesabu ya lita 15 hadi 18 kwa kila kilomita 100: kwenda na kurudi haizidi 30. Tumeandika katika mkataba kwamba tangi lijazwe siku moja kabla, na kama mafuta hayakupatikana, safari inasogezwa na fedha zinabaki kwetu.

Tatizo la mwisho ni letu wenyewe. Nani atakwenda Rumonge arudi bila mawese? Bidoni la lita 20 lina uzito wa kilo 18 hivi. Watu 25 wakichukua moja moja, ni kilo 450, sawasawa na kupakia watu wazima saba zaidi, bado hatujahesabu ndagala. Kamati imeamua kila mtu achukue lita 5, basta. Tunaondoka saa 12 asubuhi na kutoka Rumonge saa 9 alasiri, tupate kufika kabla ya giza.

Mama mmoja wa idara ya ufungaji alisimama akauliza ni nani atakayepima hayo mabidoni. Tumemteua yeye.