Taa Isiyokosa Mafuta



Jioni inapoingia pale Malaba, malori yanayoelekea Uganda huwasha taa. Tukizitazama kisha tukageukia gizani, hatuoni kitu. Baada ya muda, polepole, njia huonekana. Je, ni kazi gani inayofanyika ndani ya jicho?

Nyuma ya jicho pana utando uitwao retina. Humo zimo chembe kama milioni 6 za kutambua rangi mchana, na nyingine kama milioni 120 za kuonea penye mwanga hafifu. Hizi za pili zimejaa rodopsini, nayo imefanyizwa kwa protini pamoja na namna ya vitamini A iliyopindika. Mwanga ukiigusa, pindo lile hunyooka, na habari hupelekwa kwenye ubongo. Ndipo tunapoona. Lakini rodopsini iliyotumika hupauka, na ni lazima itengenezwe upya. Baada ya mwanga mkali, kazi hiyo huweza kuchukua nusu saa. Ndiyo sababu tunapapasa kwanza.

George Wald wa Marekani aligundua vitamini A katika retina mwaka 1933, na mwaka 1967 alishiriki Tuzo ya Nobel. Mwili hauwezi kujitengenezea vitamini hiyo pasipo chakula.

Basi, wazazi, tuangalie. Mtoto anayecheza vizuri mchana, lakini jioni hujikwaa kwenye vigoda na kuipapasa sahani yake, si mvivu, wala hakurogwa. Huenda amepungukiwa na vitamini A. Akiachwa hivyo, uso wa jicho hukauka, hupata vidonda, na upofu wake hauponi. Tumpeleke zahanati mapema, hasa akiwa ameugua surua.

Dawa ya kuzuia iko shambani. Hapa Busia hulimwa viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, kama Kabode na Vita, mbegu zilizozalishwa jirani zetu Uganda. Rangi ile ndiyo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Viazi vyeupe karibu havina. Mchicha, majani ya kunde, maembe na mayai pia husaidia. Mafuta kidogo katika chakula huufanya mwili uipokee vizuri zaidi.

Bwana Yesu alilifananisha jicho na taa. Nasi tunajua kuwa taa haiwaki bila mafuta. Tusiwaache watoto wetu wakae gizani, hali mafuta tunayo shambani.