Neno Likisha Kusomwa Makadara

Mkristo wa Makadara husoma Injili huku adhana ikisikika, wala halalamiki wala hajitapi. Mtaa ndivyo ulivyo. Makadara imepakana na Mji wa Kale wa Mombasa, na ndiko walikokaa Wabaluchi ambao wazee wao walikuja kuwa askari wa Sultani. Wakristo wengi wa huku walifuata kazi: bandarini, hospitalini, madukani, majumbani mwa watu. Mmoja asili yake Taita, wa pili Rabai, wa tatu Ukambani au Nyanza. Wengi wamepanga chumba katika nyumba ya Kiswahili, ua mmoja na bomba moja na jirani Mwislamu. Ndiyo maana Yohana anapouliza katika waraka wake wa kwanza, asiyempenda ndugu anayemwona atampendaje Mungu asiyemwona, swali lake halisikiki kama fumbo. Ndugu mwenyewe yuko uani na ndoo yake, anangoja zamu ya maji.

Wakatoliki hulijadili swali hilo kwenye jumuiya. Maaskofu wa Afrika Mashariki walikubaliana mwaka 1973, wakakazia tena 1976, kwamba Kanisa lishike mizizi katika vikundi vidogo vya majirani, na kila kikundi kikapewa jina la mtakatifu. Wanajumuiya hukutana kila wiki, kwa zamu, nyumbani kwa mmoja wao. Mwenye nyumba hutandika mkeka, huazima viti vya plastiki, huwasha mshumaa. "Tumsifu Yesu Kristu!" "Milele na milele, amina." Husomwa Injili ya Jumapili inayokuja, kisha kimya, kisha kila mtu hutaja neno lililomgusa. Hakuna anayehubiri, au tuseme hapaswi kuwepo. Kila jumuiya ina mzee wake ambaye neno humgusa kwa nusu saa nzima.

Sala zikiisha, daftari hufunguliwa. Nani amelazwa, nani mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa karo, nani amefiwa. Mweka hazina hutaja majina, na pesa huwekwa mezani au hutumwa kwa simu.

Msiba ndio shule kubwa. Paulo anawataka Warumi walie na wanaolia, na Makadara kulia huko kuna taratibu mbili zisizofanana. Mwislamu huzikwa siku ile ile ikiwezekana. Mkristo wa asili ya bara hukaa mochari siku kadhaa, kwa maana atasafirishwa kwao, na kila jioni watu hukutana kupanga jeneza, gari na chakula cha njiani. Desturi hiyo ya mikutano jirani Mwislamu hana, na pengine moyoni anaiona inamchelewesha maiti. Lakini huja. Hukaa, huazimisha sufuria na majamvi, hutia mkono mfukoni. Kwake pakitokea msiba, wanaume wa jumuiya hulisindikiza jeneza mpaka makaburini, na wanawake hujifunga leso, wakajifunika kichwa, wakaingia ndani kuhani pamoja na wenzao.

Kuna na jambo la kisu. Mkristo anayetaka kula Krismasi na majirani humwita Mwislamu amchinjie mbuzi au kuku, ili sinia la pilau likipita ukumbini asiwepo wa kulikwepa. Paulo aliwaandikia Wakorintho maneno mazito kuhusu chakula kinachomkwaza ndugu, na wasomi wameyaandikia vitabu. Sijaona ufafanuzi unaoushinda huu wa uani. Ramadhani mwendo hugeuka: kaimati, tambi na mbaazi huvuka kuja kwa Mkristo, na sahani hairudi tupu.

Mazoea haya yana ukoo. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, alikuja na barua ya Sultani Seyyid Said ya kumtambulisha. Mwaka huo huo alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga, na mwaka huo huo akaanza kukitia kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili. Aliyemsaidia kazi hiyo alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mueddin. Na Waanglikana walipojenga kanisa lao kuu hapa kisiwani, likafunguliwa mwaka 1905, walilitia kuba, na mgeni akiliona kwa mbali huenda akadhani ni msikiti.

Nisiupake ujirani huu asali kupita kiasi. Agosti 2012, mhubiri wa Kiislamu Sheikh Aboud Rogo alipouawa kwa risasi, vijana waliojaa hasira walishambulia makanisa mjini Mombasa. Sahani zote za futari hazikuyazuia mawe yale. Katika siku za namna hiyo agizo la kumpenda adui, lililomo katika Mathayo 5, hubadilika uzito mdomoni mwa msomaji.

Kasoro nyingine imo ndani ya jumuiya yenyewe. Wanaohudhuria kwa wingi ni akina mama. Wanaume huonekana siku ya msiba, wakashika uenyekiti. Na lile daftari, lililoanzishwa kwa huruma, limejifunza ukali. Asiyechangia miezi kadhaa huanza kukwepa mikutano kwa aibu, na akifiwa huulizwa kwanza kuhusu malimbikizo. Mama Mwislamu wa chumba cha pili, ambaye hana jina katika daftari lolote la kanisa, yeye huchangiwa siku hiyo hiyo, wala hakuna anayetafuta kalamu. Katika Matendo 2 waumini wa kwanza waligawiana kila mtu kwa kadiri ya haja yake, na hapo hakuna habari ya malimbikizo. Somo hilo likifika zamu yake, ningemwomba mweka hazina aje bila daftari, na yule mama wa chumba cha pili akaribishwe aseme yeye huwa anachangiwa kwa hesabu gani.