Kiuno kinauma? Usilale kutwa

Ndugu msomaji wa Kasulu na Kibondo, jembe, ndoo na kuni huchosha kiuno. Desemba 2023, Shirika la Afya Duniani lilipima tafiti na kutoa mwongozo: kwa mtu mzima mwenye maumivu yaliyozidi miezi 3, yasiyotokana na ugonjwa mwingine, mazoezi na elimu husaidia, kuchuliwa kunaweza kusaidia pia. Mkanda wa kiuno na kuvutwa mgongo havipendekezwi.

Basi tembea kila siku, na gawa mzigo safari mbili.

Lakini miguu ikilegea, mkojo ukiziba au kujitokea, au ukipata ganzi sehemu za siri, wahi hospitali siku hiyohiyo. Homa za jioni na kukonda huweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, nenda ukapimwe. Mtoto anayelalamika mgongo usimchue, mpeleke apimwe.