Mkazi akisema "hilo si kanisa": nani anamsikiliza, na sheria inasemaje? (Uzi)

1/ Kuna hoja haikosi kwa midahalo yetu ya siasa. Mmoja anasema, "Serikali ifunge haya makanisa ya uongo." Mwingine anajibu, "Msiguse uhuru wa kuabudu." Watu wanapiga makofi, mtangazaji anaenda matangazo, na hakuna kilichoelezwa. Leo tuieleze polepole. Nasoma sayansi ya siasa, sitataja mwanasiasa wala chama. Shika kiti.

2/ Katika hiyo kelele kuna mtu husahaulika: mkazi. Yule anayeishi karibu na hilo kundi. Ndiye huona watoto wa jirani hawaendi shule tena. Ndiye husikia dada yake ameuza ng'ombe na shamba akahamia "kwa mtumishi". Akisema, kundi linamwita adui wa injili. Akinyamaza na baadaye watu wafe, tunamuuliza, "Kwani mlikuwa wapi?"

3/ Jambo la kwanza la kujua: katika sheria za Kenya hakuna kosa linaloitwa "kuwa dhehebu potovu." Hilo ni neno la redio, la mimbari na la mtaa. Ukienda kituo cha polisi useme "hao ni dhehebu potovu," afisa hana kifungu cha kuandika. Hapo ndipo malalamiko mengi hufia, na mlalamishi anarudi nyumbani akidhani polisi wamehongwa. Pengine wamehongwa, sikatai. Lakini pengine ameripoti imani badala ya kitendo.

4/ Kwa nini sheria haiulizi imani? Kifungu cha 8 cha Katiba kinasema hakuna dini ya serikali. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini na imani, peke yake au na wenzake, hadharani au faraghani. Kwa hivyo mtu akiamini dunia inaisha Jumanne, hiyo ni haki yake. Akihubiri hivyo kwa spika ndogo pia ni haki yake. Kuaminiwa na jirani si sharti.

5/ Lakini uhuru huo una mipaka. Kifungu cha 25 kinaorodhesha haki ambazo haziwezi kupunguzwa kamwe, kama vile kutoteswa na kutofanywa mtumwa. Uhuru wa kuabudu haumo kwenye orodha hiyo. Maana yake ni kwamba unaweza kuwekewa mipaka chini ya Kifungu cha 24, kwa sheria, kwa sababu ya maana, na kwa kiasi kinachofaa. Kwa hivyo anayesema "dini haiguswi" amesoma Katiba nusu. Na anayesema "fungeni tu" hajaisoma kabisa.

6/ Sasa badilisha malalamiko kutoka imani hadi kitendo, uone mambo yanavyobadilika:
– Watoto wametolewa shule: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamlazimu mzazi kumpeleka mtoto.
– Mtoto mgonjwa ananyimwa matibabu au chakula: Sheria ya Watoto ya 2022, na Kifungu cha 53 kinachosema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza.
– Mtu anataka kutoka anazuiwa: hilo ni kosa la jinai, hata kama mlango umefungwa kwa maombi.
– Watu wanazikwa kimyakimya: kuzika kunahitaji kibali.
– Kelele za kesha kila usiku: kuna kanuni za kelele za 2009.

7/ Umeona? Hakuna hata moja hapo inayohitaji ujue Biblia au Korani. Huhitaji kumshinda mhubiri kwa mistari. Unahitaji tarehe, mahali, idadi na ulichokiona kwa macho yako. "Watoto 5 wa boma lile hawajaenda shule tangu muhula wa kwanza" ina nguvu kituoni kuliko "yule ni nabii wa uongo," hata kama la pili nalo ni kweli.

8/ Mnajua ninakoelekea. Shakahola. Msitu ulio ndani ya kaunti ya Kilifi, upande wa Malindi. Aprili 2023 polisi waliingia huko, wakapata watu waliodhoofika kwa njaa na makaburi ya kina kifupi. Ufukuaji uliendelea kwa miezi na miili ikapita 400, mingi ikiwa ya watoto. Uchunguzi wa serikali ulionyesha wengi walikufa njaa, lakini wengine walikuwa na dalili za kunyongwa, kupigwa au kuzibwa pumzi.

9/ Mhubiri anayeshtakiwa, Paul Mackenzie, hakutoka hewani. Mwaka 2017 alikuwa ameshapelekwa kortini Malindi kuhusu watoto na mafundisho ya kupinga shule. Mwaka 2019 alikamatwa tena, akidaiwa kuchochea watu wakatae kusajiliwa kwa Huduma Namba. Mwaka huohuo kanisa likafungwa, akahamia msituni. Machi 2023 akakamatwa kuhusiana na vifo vya watoto wawili, akaachiliwa kwa dhamana. Wiki chache baadaye ndipo makaburi yakajulikana.

10/ Yeye na wenzake walikana mashtaka ya mauaji, ya kuua bila kukusudia, ya ugaidi na ya kutesa watoto. Hayo tuwaachie majaji. Lakini kuna kitu kinaniuma: Desemba 2023 alifungwa mwaka mmoja kwa makosa ya filamu bila leseni. Yaani mkono wa sheria ulifika kwa kamera kabla ya kufika kwa makaburi. Si kwamba sheria hazikuwepo. Ni kwamba ile nyepesi kuthibitisha ndiyo hutangulia.

11/ Je, hakuna aliyesema? Walisema. Ripoti ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya 2024 ililaumu maafisa wa usalama wa Malindi kwa kutotimiza wajibu wao licha ya taarifa kuwafikia. Kwa hivyo mtu akija kwa mdahalo na "wananchi wajifunze kuripoti," mwulize taratibu: na waliporipoti, nani aliitwa kujieleza?

12/ Hadi hapa unaweza kudhani jibu ni rahisi: mkazi asikilizwe, kundi lifungwe. Ngoja. Kaunti ileile ya Kilifi ina funzo lingine lililo kinyume. Kwa miaka mingi wazee wameuawa huko kwa kuitwa wachawi. Mvi zimekuwa hatari. Mara nyingi nyuma ya neno "mchawi" kuna shamba ambalo mtu mwingine analitaka. Wengine wamekimbilia kituo cha Kaya Godoma, Ganze, ili wawe hai.

13/ Kwa hivyo Kilifi moja inatufundisha mambo mawili kwa pamoja. Tuhuma isiyosikilizwa inaua. Tuhuma isiyochunguzwa pia inaua. Mdahalo wowote unaokupa somo moja tu kati ya hayo unakudanganya nusu.

14/ Sheria yetu ya zamani ilishaona hatari hii. Sheria ya Uchawi, ya mwaka 1925, inafanya kumwita mtu mchawi kuwa kosa. Lakini ina mlango mmoja: haimgusi anayepeleka tuhuma hiyo kwa chifu, polisi au mwenye mamlaka. Ni sheria ya kikoloni na ina matatizo yake mengi. Ila wazo hilo limebeba akili: neno lilelile ni hatari likipigwa kelele sokoni, na ni taarifa likipelekwa kwa anayepaswa kuchunguza.

15/ Wazo hilo linatumika pia kwa kuharibiana jina. Tangu 2017 Mahakama Kuu ilipobatilisha kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, hufungwi jela kwa kosa hilo. Lakini kesi ya madai bado ipo, na fidia inaweza kukumaliza. Kifungu cha 33 cha Katiba kinakupa uhuru wa kusema, kisha kinakukumbusha uheshimu jina la mwenzako. Ukweli ni kinga. Taarifa ya nia njema kwa polisi au afisa wa watoto pia ina kinga. Bango la Facebook lenye picha ya pasta na neno "muuaji" halina hiyo kinga ya pili.

16/ Tena kuna historia. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilipiga marufuku Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde kule magharibi mwa Kenya. Baada ya uhuru, mwaka 1968, serikali yetu wenyewe ikaipiga marufuku tena. Kwa mkoloni, dini ya Mwafrika isiyomtii ilikuwa tishio kwa usalama. Somo la siasa hapa: anayepewa mamlaka ya kuamua imani gani ni potovu, leo atawatumia wauaji, kesho atawatumia wakosoaji.

17/ "Basi tufanye kama Rwanda." Hii nayo haikosi. Mwaka 2018 Rwanda ilifunga mamia ya makanisa kwa sababu ya majengo, usalama na kelele, kisha ikapitisha sheria inayomtaka kiongozi wa kanisa awe na shahada ya theolojia. Inaonekana safi. Lakini jiulize: shahada ukutani ingemwonyesha nani kwamba kuna mtoto analala njaa msituni? Cheti kinachuja wahubiri. Hakichunguzi boma.

18/ Na kwa nini hapa kwetu sheria hazisogei? Mwanzoni mwa 2016, kanuni zilizopendekezwa za kusimamia mashirika ya dini ziliondolewa baada ya viongozi wa dini kuzipinga. Baada ya Shakahola likaundwa jopokazi la rais, Seneti ikaunda kamati yake, ripoti zikaandikwa, na mswada wa mashirika ya dini ukazua vita vilevile. Sababu haina siri. Kila Jumapili, anayetafuta kura huenda mahali penye watu waliokaa kimya wakisikiliza. Nani atagombana na mwenye kipaza sauti hicho?

19/ Tuwe wa haki pia kwa makanisa. Mengi yanayopinga hizo kanuni hayafichi maiti. Ni kanisa la mabati la watu 40 ambalo haliwezi kulipia masharti makubwa, lakini ndilo huchangia mazishi na karo ya yatima mtaani. Ukiandika sheria ya kumnasa mmoja kwa kuwakaba elfu, yule mmoja atahamia msituni. Tumeshaona akihamia.

20/ Mwaka 2025 miili mingine, zaidi ya 30, ilifukuliwa Kwa Binzaro, eneo la Chakama, Kilifi hiyohiyo. Hiyo ni miaka miwili baada ya hotuba zote, rambirambi zote na "haitatokea tena." Kwa hivyo tatizo si kwamba nchi haikujua jambo kama hili linawezekana.

21/ Msimamo wangu, na uko huru kuupinga: usajili wa makanisa ni mdahalo halali, lakini si hapo watu walipofia. Walifia kati ya meza ya kwanza iliyopokea taarifa na mguu wa kwanza ambao ungeenda kuangalia. Tunahitaji malalamiko yanayohusu watoto yawe na muda wa mwisho wa kufuatiliwa, na jina la afisa aliyepewa kazi hiyo. Hilo halimguzi Mungu wa mtu yeyote.

22/ Kama wewe ndiye huyo mkazi, leo: 
– Andika ulichoona, na tarehe. Usiandike ulichosikia kama ulichokiona.
– Ripoti kituoni na usiondoke bila namba ya OB.
– Kama ni mtoto, piga 116, ni bure, na umjulishe afisa wa watoto wa kaunti ndogo.
– Usipojibiwa, peleka nakala kwa tume ya haki za binadamu au kwa IPOA, wanaochunguza polisi.
– Usiongoze umati kwenda kuchoma hema. Ndani kuna watoto walewale unaotaka kuwaokoa.

23/ Na kama wewe ni wa midahalo kama mimi, wakati mwingine mgombea yeyote akisema "tutapambana na madhehebu potovu," usimpigie makofi bado. Mwulize matatu. Kitendo gani utakichukulia hatua, maana imani si kosa? Mkazi akiripoti Jumatatu, nani lazima awe amefika kwa hilo boma kufikia Ijumaa? Na asipofika, atapoteza nini? Akijibu la tatu bila kuzunguka, huyo mskize.

Mwisho wa uzi. Mwenye swali aulize hapa chini, mwenye hoja tofauti ailete na kifungu.