Kimelea cha paka na mimba: mnyama gani atoe jibu?

Katika soko la samaki la Mutrah, Maskati, paka huzunguka miguuni mwa wateja. Ni ndani ya utumbo wa paka na jamaa zake tu ndimo kimelea kiitwacho toksoplasma hukamilisha mzunguko wake wa uzazi. Binadamu hukipata kwa nyama isiyoiva, iwe ya mbuzi au kondoo, na kwa mboga zenye udongo uliochafuliwa.

Hatari kubwa humfika mama anayeambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito. Mimba ikiwa changa, ni nadra kimelea kuvuka kondo la nyuma. Kikivuka, huweza kumuua mtoto au kumharibu ubongo na macho.

Kwa kuwa mama hawezi kuambukizwa kwa majaribio, wataalamu hutumia wanyama. Kimelea chenyewe kiligunduliwa mwaka 1908 mjini Tunis, katika gundi, mnyama wa jamii ya panya. Panya wa maabara ni rahisi kufuga, ila hubeba mimba wiki 3 tu, na baadhi huambukiza watoto hata waliougua zamani, jambo lililo nadra kwa wanawake. Simbilisi hubeba mimba kwa zaidi ya miezi 2, na kondo lake hukaribia zaidi la binadamu.

Kondoo nao huharibu mimba kwa kimelea hikihiki. New Zealand ilianza kuwachanja mwaka 1988, lakini chanjo hiyo ina kimelea hai, hivyo haipewi binadamu. Mama wa Mutrah hadi leo hana chanjo. Ana moto wa jiko na maji ya kuoshea mboga.